Mzee Chogo na Mtungi wa Picha

Paukwa! Itikieni pakawa, wapwa zangu, kisha mkae vizuri. Wewe wa nyuma, sogea. Hadithi ya leo ina bahari, ina simba, ina tembo, na ina mzee mmoja mwenye chogo.

Palikuwa na nyumba moja huko Tanga, na sebuleni mwa nyumba hiyo palikuwa na televisheni ya chogo. Mnaijua? Wengi wenu hamjaiona. Televisheni za siku hizi ni bapa, zinatundikwa ukutani. Ile ya zamani ilikuwa na mgongo mkubwa uliotokeza nyuma, basi watu wakaiita chogo. Kuihamisha kulitaka watu wawili, na mama kusimama mlangoni akisema, "Taratibu jamani, taratibu!" Juu yake palitandikwa kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa kulikaa king'amuzi. Rimoti ilishapoteza mfuniko wa nyuma, betri zake zimekazwa kwa mpira.

Sisi tutamwita Mzee Chogo, maana katika hadithi hii anasema.

Siku moja kifurushi cha king'amuzi kiliisha, na baba hakulipia tena. "Kuanzia leo," alisema, "picha tutaangalia mtandaoni." Akanunua bando. Akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, katikati ya meza. Watoto wa nyumbani wakajaa, na wa jirani wakajaa. Picha ikaanza. Simba akaingia kwenye majani marefu. Akanyata, akanyata, akainua mguu, halafu akaganda. Mguu juu! Katikati ya kioo kikatokea kiduara. Kinazunguka, kinazunguka.

Watoto wote wakapiga kelele, "Aaah!"

Mmoja tu hakupiga kelele. Alikuwa binti wa darasa la nne, na kwa maswali yake nyumba nzima ilimwita Kidadisi. Yeye aliinama, akakitazama kile kiduara kwa karibu, akauliza, "Kinangoja nini?"

Swali zuri sana hilo, wapwa zangu. Watu wazima wangapi wanakiona kiduara kila siku? Wanakikasirikia, wanaitikisa simu, wanailaumu mitandao. Lakini hawakiulizi kinangoja nini. Kidadisi aliuliza, na mimi nampenda kwa hilo.

Usiku ule, wenzake walipolala, alikwenda sebuleni polepole.

"Shikamoo, Mzee Chogo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hulali?"

"Usingizi umenipotea. Mzee, wewe ulipokuwa ukionyesha picha, mbona hukuwa na kiduara?"

Mzee Chogo alicheka mpaka kitambaa chake kikatikisika. "Mimi nilikuwa na chenga," alisema. "Antena ikigeuka kidogo, chenga. Upepo ukivuma, chenga. Mtoto mmoja yuko juu anazungusha bomba la antena, mwingine yuko dirishani anampigia kelele: bado, bado, hapo hapo, umepitiliza! Lakini kiduara sikuwa nacho. Na unajua kwa nini? Mimi sikumngoja mtu. Watu ndio walioningoja mimi."

"Walikungoja vipi?"

"Taarifa ya habari ilikuwa saa mbili usiku. Ukifika saa mbili na nusu, imekupita. Tamthilia ilikuwa na siku yake na saa yake. Ukienda kuokoa mchuzi jikoni, imekupita. Basi siku ya tamthilia mama yako alipika mapema. Viatu vilijaa mlangoni, vyetu na vya majirani. Kila mtu ameketi, ananingoja."

Hapa mjomba wenu naingilia kidogo, maana huku kungoja sisi Watanzania tunakujua. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara waliingoja kama miaka 20 zaidi. Katika miaka hiyo, mtu wa pwani mwenye televisheni alielekeza antena yake upande wa Unguja na kuomba upepo utulie. Stesheni za kwanza za Bara, ITV ikiwamo, zilianza mwaka 1994. Baadaye, usiku wa 31 Desemba 2012, mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Tangu hapo Mzee Chogo hakuweza kuonyesha kitu bila king'amuzi kichwani.

Turudi sebuleni. Kidadisi alikuwa bado ana maswali.

"Na picha zilifikaje kwako, Mzee?"

"Mnara mmoja unarusha mawimbi hewani. Mvua ikinyesha, mjukuu wangu, inanyesha kwa wote kwa wakati mmoja. Aliyetega ndoo amepata. Aliyelala amekosa. Ndivyo kazi yangu ilivyokuwa. Picha ile ile, saa ile ile, kwa nyumba zote."

Kidadisi akakuna kichwa. "Basi kwenye televisheni watu wanaingoja picha. Na mtandaoni, nani anamngoja nani?"

Hapo ikasikika sauti nyembamba kutoka mezani. "Hodi! Shikamoo, Mzee. Naomba na mimi niseme."

Alikuwa Simu, yuko kwenye chaji.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Kwetu hakuna mvua," alisema Simu. "Kwetu kuna kisima na mtungi. Kidadisi, maji ya kisimani yanakuja yenyewe?"

"Hayaji. Nayafuata."

"Basi na filamu iko kisimani. Kisima chake ni kompyuta kubwa, imewekwa kwenye chumba cha baridi, haizimwi usiku wala mchana. Filamu imekaa humo, inangoja. Inaweza kungoja mwaka mzima. Ukibonyeza, mimi natuma ombi: tafadhali, naomba ile ya simba. Ndipo inapoanza kuja."

"Inakuja nzima?"

"Ingekuja nzima ungeshalala. Inakuja kata kwa kata. Filamu imekatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache. Kipande cha kwanza kikifika, namimina mtungini. Cha pili, namimina. Mtungi ukipata maji kidogo, naanza kukupa. Wewe unakunywa, mimi nachota. Wewe unakunywa, mimi nachota. Umeuona ule mstari mwembamba chini ya picha? Mwekundu ni ulichokwisha kunywa. Mbele yake kuna kipande cha kijivu kinachotangulia. Hayo ni maji yaliyomo mtungini, hujayagusa bado."

"Na kiduara?"

"Kiduara ni mtungi mkavu. Umekunywa haraka kuliko nilivyochota."

Kidadisi akaruka. "Kumbe simba hakuganda! Simba yuko njiani!"

Ndiyo, mwanangu, yuko njiani! Mguu umeshafika, kucha bado.

Sasa mtaniuliza, mjomba, njia yenyewe ni ipi? Nitawaambia, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wanadhani picha za mtandaoni zinaishi hewani. Kutoka kwenye simu mpaka kwenye mnara ulio karibu, kweli ni hewani. Baada ya mnara, picha huingia kwenye waya. Waya huo hupita ardhini, ukafika pwani, ukaingia baharini. Ndiyo, chini ya bahari, kwenye matope na mawe, giza tupu. Ndani yake mna vinyuzi vya kioo, kila kimoja unene wa unywele mmoja. Humo ndani unapita mwanga. Unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, mara mabilioni kwa sekunde moja, na huko kuwaka na kuzimika ndiko kunakobeba simba wenu.

Waya wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, unaotoka Sudan mpaka Afrika Kusini, kilomita kama 10,000. Mwanga unaumaliza urefu huo wote kabla hujapepesa jicho. Kabla ya nyaya hizo, intaneti yetu nyingi ilipanda kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu, kisha ikashuka tena. Kisima kilikuwa mbali mno, na kilichofika kilikuwa kidogo na ghali. Nani angeweza kuangalia filamu?

Na waya ukikatika? Umeshakatika! Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zote mbili zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku ile vidole vya Watanzania vilichoka kubonyeza. Kwa kazi ya kuunga waya uliokatika kuna meli maalumu. Zinakwenda mpaka mahali penyewe, zinaunasa waya kwa ndoana kubwa, zinauvuta juu, na mafundi walio melini wanaunga vile vinyuzi kimoja kimoja. Kisha waya unarudishwa baharini. Mimi nikiwafikiria mafundi wale, meli inayumba na mkono hautakiwi kutikisika, naona wanastahili kujulikana na watoto wote wanaopenda katuni.

Wenye visima nao wamejifunza. Filamu inayopendwa na wengi hawaiachi ng'ambo peke yake. Wanachimba visima vidogo karibu na watu, yaani wanaweka nakala kwenye kompyuta zilizo katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam. Mtu wa kwanza akiiomba, inavuka bahari. Wa pili akiiomba, huenda inatoka hapa hapa.

Kidadisi alimgeukia Simu tena. "Lakini mbona wakati mwingine picha haigandi, ila inakuwa na ukungu?"

Mnaona? Swali moja linazaa jingine.

"Hapo nakuhurumia," alisema Simu. "Kila filamu imewekwa kisimani kwa ukubwa mbalimbali. Ukibonyeza mahali pa ubora wa picha, utaona namba: 240, 360, 480, 720. Ni safu za nukta, kuanzia juu ya kioo mpaka chini. Picha nzima ni nukta tu. Ile ya 720 ina nukta 1,280 kwenda upande na 720 kwenda chini. Ile ya 360 ina 640 kwa 360. Piga hesabu."

Kidadisi alichukua daftari. Akazidisha, akafuta, akazidisha tena. "Ya 360 ni robo tu ya ya 720!"

"Hodari! Basi mtandao ukilegea, naacha kuomba kata kubwa, naomba ndogo. Mtungi hauwi mkavu, lakini simba anakuwa na ukungu. Na kuna siri nyingine. Filamu ni picha zinazofuatana, 24 au 25 kwa sekunde. Zote zikibebwa kamili, mtandao wangu usingezimudu. Kwa hiyo inabebwa picha moja kamili, kisha yanabebwa mabadiliko tu. Simba amesogea? Analetwa simba aliyesogea. Mlima wa nyuma haujasogea? Haubebwi tena, unabaki ule ule."

"Na baba analipia nini?"

"Maji anayochotewa. Netflix yenyewe huwaambia wateja wake kwamba saa moja ya picha ya kawaida inakula kama GB 1, na picha ang'avu inaweza kufika GB 3. Mzee Chogo alinyeshewa. King'amuzi kikishalipiwa, mkimwangalia watu watatu au thelathini, saa moja au kumi, gharama ni ile ile. Kwangu kila kata ina bei."

Wapwa zangu, hili lishikeni. Kwenye simu ya kioo kidogo, 360 inatosha kabisa kumwona simba. Mkichagua 720 kwa sababu tu namba ni kubwa, mtamaliza bando la baba kabla simba hajala.

Mzee Chogo alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza yeye mwenyewe, na mimi nadhani swali lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote ya usiku ule.

"Mwanangu Simu. Huko kisimani, wanamjua anayekuja kuchota?"

"Wanamjua, Mzee. Wanaandika. Ameomba nini, saa ngapi, ameacha wapi. Kesho akija wanamwambia: jana uliangalia simba, leo tuna chui."

"Mimi sikumjua mtu," alisema Mzee Chogo. "Walikaa mbele yangu miaka yote ile. Walicheka, walilia, walisinzia. Sikujua aliye mbele yangu ni nani, ni mtoto au babu, wala kama yupo mtu. Nilionyesha tu."

Ndiyo maana, watoto wangu, huko mtandaoni mtoto hupewa mahali pake, penye jina lake na umri wake, mzazi akiwa anajua. Kisima kinachokumbuka kila mtu kinapaswa kujua kwamba aliyekuja kuchota ni mtoto.

Asubuhi Kidadisi alimweleza baba yake yote. Baba alisikiliza mpaka chai ikapoa. Jioni yake akamleta fundi, na fundi alikuja na kiboksi kidogo kinachoingia mfukoni. Kiboksi hicho kinapata intaneti kutoka kwenye simu. Nyuma ya Mzee Chogo mlikuwa na vitundu vitatu vyenye vumbi: cha njano, chekundu na cheupe. Fundi akavipuliza, akachomeka nyaya tatu za rangi hizo hizo. Ya njano ni ya picha. Nyekundu na nyeupe ni za sauti. Mzee Chogo akakohoa, akawaka, akamwonyesha simba, mkubwa wa sebule nzima!

Jumamosi viatu vikajaa tena mlangoni. Mimi hili ndilo lililonifurahisha zaidi. Tulipoacha televisheni, kila mtu alianza kuinama kwenye simu yake, na nyumba ya watu saba ikawa na picha saba. Televisheni ilitukusanya kwa lazima, maana saa yake ilikuwa moja. Mtandaoni hakuna saa ya lazima, kwa hiyo saa ya kukaa pamoja lazima muichague wenyewe. Nyumba hii ilichagua Jumamosi baada ya magharibi. Adhana ya isha ilipolia, baba akasimamisha picha. Watu wakaenda kuswali, mama akageuza mkate wa kumimina, watoto wakanawa mikono. Waliporudi, simba alikuwa pale pale walipomwacha.

"Ananingoja!" alisema mdogo wake Kidadisi.

Anakungoja, mwanangu. Mtoto wa zamani hakungojwa. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, na mtoto alizifuata kwa saa yake. Leo ziko YouTube, alfajiri na usiku, zinamngoja yeye.

Lakini filamu ilipoisha, zikatokea namba kwenye kioo. Tano, nne, tatu. Kidadisi alikunja uso. "Na hii je? Nani anamngoja nani?"

"Hapa hakuna anayengoja," alijibu Simu. "Kisima kimeanza kukumiminia bila wewe kuomba. Kimoja kikiisha, kingine kinaanza, kikiisha, kingine. Wenye kisima wanapenda unywe sana. Lakini kuna kiswichi cha kuzima jambo hilo. Kwenye YouTube kiko juu ya picha, kwenye Netflix kiko ndani ya mipangilio."

Kidadisi akakizima mwenyewe, kwa kidole chake, baba akimwonyesha. Na nyie nyumbani mwombeni mkubwa akizime. Mtoto anayeomba picha yake mwenyewe, akaitazama ikaisha, akakaa akaifikiria, huyo ameangalia filamu.

"Na filamu itaningoja milele?"

Hapana. Mwenye kisima huazimwa filamu kwa mkataba. Mkataba ukiisha, filamu inaondolewa, na siku hiyo ukiitafuta huioni. Ukiwa na uipendayo, usiiweke miaka.

Mzee Chogo akacheka. "Mimi nilipokea tu, mjukuu wangu. Maisha yangu yote nilipokea. Nyumba hii haikuwahi kurudisha hata picha moja kule mnarani."

"Sisi tunaweza," alisema Simu. "Kwenye kisima changu watu wanamimina pia. Video ya kwanza kabisa ya YouTube iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005. Ina sekunde 19 tu. Kijana anaitwa Jawed Karim, mmoja wa watatu walioanzisha YouTube, amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, huko Marekani, anasema tembo wana mikonga mirefu sana. Basi! Imekwisha."

"Tembo tu?" Kidadisi alishangaa. "Tembo wako hata Mikumi, wanavuka barabara ya Iringa!"

"Ndiyo. Na dunia nzima imemtazama."

Kidadisi akamtazama baba. Baba akasema sawa, lakini itawekwa kwa akaunti yake yeye mkubwa, na hakuna sura ya mtoto wa mtu itakayoonekana bila ruhusa ya kwao. Kidadisi akakubali upesi, maana alishapata wazo. Alikimbia mpaka jikoni, kanga inaburuta.

"Mama! Yule kuku anayetamia, siku zake 21 zinatimia lini?"